Neno Lililokatwa Baba Akiwa Bomani

Harufu ya chokaa mbichi ikinipiga puani, hata leo, nakunja uso. Wajukuu hunicheka. Wacheke tu, wao hawakuwajua Wadachi, Wajerumani wa enzi zile.

Mwaka mmoja Wadachi walimchukua baba pamoja na wanaume wengine wa huku mlimani, kubeba mawe na chokaa ya kujengea boma la Arusha. Mimi nilikuwa binti mdogo wa shule ya misheni, na mwalimu wetu, Mdachi, alipenda kukata vitenzi. Aliandika neno zima ubaoni, akalipasua kwa mistari, nasi tukapiga kofi kwa kila kipande. A-ta-ru-di. Kisha akafuta mwanzo wake, akabandika mwingine. Ha-ta-ru-di. Tulipiga makofi, jamani, kwa raha zote!

Nyumbani nililirudia somo huku nikimenya ndizi. Koko, bibi yangu mzaa baba, akaacha kukoroga chungu.

"Nani hatarudi?"

"Hakuna mtu, Koko. Ni neno tu la shule."

"Na huyo Mdachi analikatakata ili iweje?"

Kwetu msafiri hakutajwa ila kwa heri, mpaka aingie uani kwake. Koko akanishika kidevu, akanitemea pombe ya asali kwenye ulimi, maana mate ya mzee ni baraka. Kisha akasema shule basi.

Nililia sana. Lakini wasiwasi wake ulinihamia mimi pia. Mbona mwalimu alichagua neno lile, na baba yuko mikononi mwa Wadachi wenzake? Nikimwona mwalimu njiani anatabasamu, nilijificha migombani.

Baba alirudi mvua zilipoanza. Kabla hajasalimiwa, Koko alimsimamisha uani akamkagua masikio, mabega, kidole kimoja kimoja, hata meno. Mtu mzima na ndevu zake akafumbua kinywa kama mbuzi wa mnadani! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Koko hakunikaripia. Alisema tu, "Kesho nenda shule."

Nilikuwa nimeshaolewa nilipoambiwa habari za babu. Naye Wadachi walimwita, kwa maneno matamu, wakamnyonga, na hata maiti yake haikuletwa nyumbani. Ndipo nikamwelewa Koko. Kitenzi hakikumtisha hata kidogo. Aliwaogopa wao. Hakuweza kumzuia mumewe asiende kwao, wala mwanawe. Mimi aliniweza, nisiende shuleni kwao.