Mwenye Dele Hasemi

Mkahawa wetu ukiupita kwa haraka hutajua kama ni mkahawa. Uko Bombolulu, upande wa Kisauni, nyuma ya safu ya vyumba vya kupangisha. Una mabenchi mawili, viti vya plastiki ambavyo hakuna viwili vinavyofanana, na jiko la makaa lililowekwa mlangoni ili moshi utoke na harufu ibaki. Bango hauna. Mimi riziki yangu ni kuandika mabango ya maduka, na nimemwomba mwenye mkahawa miaka nenda miaka rudi aniache nimwandikie lake, bure kabisa, na amekataa. Anasema wanaotaka kuja wanaijua njia, na wasioijua wana sababu zao.

Mwenye mkahawa ni mama wa Kigiriama, mtu mzima, mjane, aliyetoka Kaloleni zamani. Sote humwita Mama. Kuchora hajui, kuimba hajui, na mtu akipiga kinanda karibu naye huinuka akaenda kuchochea makaa hata kama yanawaka vizuri. Lakini sisi wasanii tulimganda kama kupe. Wa kwanza alikuwa mchongaji wa vinyago anayefanya kazi katika karakana ya jirani. Alianza kuja kwa sababu sakafu ya pale ni sawasawa na barabara na magongo yake yanaingia bila taabu. Mchongaji akamleta mwalimu wa kwaya wa kanisa la Mishomoroni, ambaye hutunga nyimbo zake mwenyewe na huamini hakuna mwingine anayejua kutunga. Mwalimu akaleta ugomvi, kwa maana kila alipofika yeye palikuwa na mabishano. Baadaye akaja kijana wa kutoka Nakuru anayepamba tuktuk. Mimi niliingia kujikinga mvua, nikapewa kikombe kabla sijaomba, na nikawa mtu wa pale.

Tuna ada moja pale, na nakumbuka jinsi ilivyoanza, maana nilikuwepo. Mwalimu wa kwaya alikuja na wimbo mpya, akauimba, na mchongaji akasema ubeti wa pili unaburuta. Lo! Mwalimu alieleza ubeti wa pili kwa muda ambao kahawa iliyopikwa kwa jioni nzima ilipoa. Alieleza maana yake, alieleza shida alizokuwa nazo alipoutunga, alieleza kwamba mtu wa kuchonga miti hana masikio. Mama alikuwa amesimama na dele lake la shaba, birika la kahawa lenye mdomo kama wa kunguru, analisubiri neno liishe. Halikuisha. Akamwendea, akamtia dele mkononi.

"Shika. Mimina. Nyamaza," alimwambia.

Mwalimu, kwa mshangao, akamimina. Akazunguka na vikombe, kimoja baada ya kingine, na sisi tukausema wimbo wake wote mbele ya uso wake, na yeye kimya. Juma lililofuata alirudi na ubeti wa pili mwingine. Ulikuwa mzuri mno, hata mchongaji alitoa kitambaa akajifanya anafuta jasho.

Basi ikawa ndiyo sheria. Aletaye kazi mpya hushika dele na kuwahudumia wenzake, na akilishika hasemi neno, asifiwe, atukanwe, aeleweke, asieleweke. Akisema, ataosha vikombe vyote. Kwetu kushika dele ni heshima kubwa. Mtu hulishika siku ambayo wote wamekuja kwa ajili yake. Mimi nimeosha vikombe kuliko mtu yeyote pale. Nina mdomo, sikatai. Mamangu husema nilizaliwa nikijibu.

Mdomo huo nimeurithi kwa baba. Baba alifanya kazi bandarini maisha yake yote, kazi ya kufunga mizigo kwa kamba, na alipostaafu alibaki Changamwe katika nyumba ileile. Mimi alinisomesha. Nilipomaliza shule alinilipia kozi ya mambo ya forodha ili niingie bandarini kwa mlango wa ofisini, nivae viatu vya kisigino, nikae penye feni. Kozi niliimaliza, na kazi nikaitafuta miezi michache, kisha nikaanza kuandika mabango na sikurudi nyuma. Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichofanya ni kutoitazama kazi yangu. Niliwahi kuandika bango la bucha lililo njiani baina ya nyumba yao na kanisa, nikachora na ng'ombe, ng'ombe wa kupendeza hasa. Baba alipita chini ya ng'ombe yule kila Jumapili, na siku moja nilipomwuliza amelionaje bango la bucha, akaniuliza, "Bucha gani?"

Iliniuma. Niseme ukweli, iliniuma kuliko tusi. Nilikuwa mtu mzima ninayejitegemea, nina chumba changu, nina wateja mpaka Likoni, na bado nilitaka jambo moja tu: baba asimame mbele ya kitu nilichokichora akitazame.

Kwa hiyo nikachora picha. Picha hasa, si bango. Niliichora juu ya kipande cha plaiwudi kwa rangi zilizobaki kazini. Nilichora kizingiti cha nyumba yetu ya Changamwe, na mwanamume mwenye ovaroli ya bandarini amekaa kwenye kigoda, mbele yake mtoto wa kike amekaa chini, na mwanamume anamsuka. Haikuwa hadithi ya kubuni. Nilipokuwa darasa la pili, nyanya aliugua na mamangu akaenda Kaloleni kumwuguza kwa muda mrefu, tukabaki baba na mimi. Shuleni walitaka vichwa safi. Baba angenipeleka kwa jirani, lakini hakutaka jirani ajue kwamba mke hayupo. Basi akitoka zamu ya usiku, kabla ya kulala, alifunga mlango kwa komeo, akanikalisha katikati ya magoti yake, akanisuka mabutu manne. Alivuta mpaka macho yangu yakapanda. Mabutu yale hayakulegea hata kwa kuogelea, na mama aliporudi alitumia mkasi. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo tena, na nadhani baba alidhani nimelisahau.

Nikampigia simu. Nikamwambia Jumapili nitaonyesha picha kwenye mkahawa wa Bombolulu, baada ya ibada, naomba aje.

"Nitaona," alisema.

Mtu aliyestaafu, asiye na shughuli ila redio na kuku watano, ati ataona.

Jumapili ikafika. Niliegemeza picha ukutani juu ya meza ya kashata, Mama akanipa dele, nikaanza kuzunguka. Macho yangu yalikuwa mlangoni. Kijana wa tuktuk alisema, "Huyo mzee ameiva, lakini hiyo rangi ya ukuta imelala sana, madam." Mchongaji akasema uso wa mtoto ameupenda, anausikia ukilia, ila kigoda mguu mmoja ni mfupi na mzee wa watu ataanguka. Niliuma meno. Kigoda kile cha nyumbani kilikuwa na mguu mfupi kweli! Nikainama kummiminia mchongaji, na hapo ndipo niliposikia hodi.

Baba alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, mkononi ana mfuko wa mihogo niliyotumiwa na mama. Wote wakamkaribisha. Yeye hakuitikia. Aliniona mimi, binti yake, nimeinama na dele mbele ya mwanamume aliyekaa, na wanaume wengine wawili wameshika vikombe wakingoja zamu yao. Nikamwona anavyoelewa, na anavyoelewa vibaya.

"Ndiyo kazi yenyewe hii?" alisema. "Nimekusomesha, nikakulipia kozi, uje huku Kisauni uwamiminie watu kahawa?"

Nilifungua mdomo. Vikombe na vioshwe, nilijiambia, nitamjibu mbele ya kadamnasi. Lakini kabla neno halijatoka baba alikuwa ameweka mihogo chini na amelishika dele kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ananisukuma nyuma yake, kama mtu anavyomtoa mtoto barabarani.

"Kama ni lazima hawa wamiminiwe," alisema, "nitawamiminia mimi. Wewe kaa chini."

Nikakaa. Mama akaondoka penye jiko lake mlangoni akifuta mikono kwa leso. Nilidhani atamweleza, amwombe radhi, acheke. Hakufanya hata moja.

"Karibu, baba," alimwambia kwa upole. "Nimefurahi umelishika. Ila hapa petu mwenye dele hasemi. Ni ada ya nyumba. Ukishamaliza kuzunguka utasema utakavyo."

Mtu mwingine angeliweka dele chini akatoka. Baba si mtu huyo. Maisha yake yote aliishi kwa kanuni za mahali: hapa huvuti sigara, hapa huvuki mstari, hapa hungoji chini ya mzigo ulioinuliwa. Ukimwambia kanuni ya nyumba yako ataifuata hata ikimwudhi, kisha atakueleza mlangoni kwamba ni ya kipuuzi. Alifumba mdomo. Akaanza kumimina, shingo imekakamaa, mgongo ameipa meza ya kashata.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa huru kusema, na mdomo wangu uliosifika ulikauka. Ningemwambia nini? Kwamba kuinama kule ndiko heshima yangu? Niliutazama mgongo wa suti yake tu. Alimmiminia kijana wa tuktuk, akammiminia mchongaji, na wakamshukuru kwa adabu, wala hakuna aliyethubutu kuizungumzia picha. Akabaki mwalimu wa kwaya, ambaye hajawahi katika maisha yake kuhisi kwamba huu si wakati wa kusema. Kiti chake kilikuwa pembeni, kando ya meza. Ili kummiminia, ilimbidi baba ageuke.

"Mimi tatizo langu ni mikono," alisema mwalimu, akiinyooshea picha kidole kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono wa pili. "Tazama vidole hivi. Huyu anasuka nywele au anafunga kamba? Aliyechora hajapata kumtazama mtu akisuka. Picha nzuri imeharibikia mikononi."

Baba akafuata kile kidole kwa macho.

Kahawa ilikuwa inashuka kwenye kikombe, ikakatika. Dele lilibaki limeinama kidogo angani. Mimi nilimwona uso kwa upande tu, taya lake na sikio lake. Mchongaji, ambaye ni mwerevu kuliko sisi sote, aliitazama ovaroli ya kwenye picha, kisha akamtazama baba, kisha akainamisha macho kwenye kikombe chake.

"Ni kamba," baba alisema.

Mwalimu akageuka. "Umesemaje, mzee?"

"Nasema ni kamba. Hajakosea. Mama yake hakuwepo, na mimi kusuka nilikuwa sijui. Nilijua kufunga mzigo. Nikamfunga binti yangu kama nilivyojua."

Mama alivitazama vikombe, akafikiri, akaamua kuviacha. Alimwondolea baba dele mkononi taratibu, akamvutia kiti karibu yangu, akammiminia cha kwake. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, pua na yote, na sikujali. Baba alikaa, akanywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja ingawa ilikuwa moto, na hakunitazama. Alikuwa anaitazama picha.

"Tulikuwa ndani," aliniambia baadaye, kwa sauti ya chini. "Nilitia komeo."

"Najua, baba."

"Mbona umenitoa nje kizingitini?"

"Nilitaka watu wakuone."

Mwalimu wa kwaya alikuwa ameanza kumweleza kijana wa tuktuk kwamba yeye tangu mwanzo alihisi ile mikono ina jambo. Baba aliinuka, akaisogelea picha mpaka karibu kuigusa, akaikagua kuanzia juu kushuka chini kama alivyokuwa akikagua mzigo, na alipofika chini akatikisa kichwa.

"Kama ni kuonwa na watu," alisema, "basi mbona pekupeku? Mtu wa bandarini hatoki nje miguu mitupu. Nitie viatu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Rangi huna?"

Ninayo siku zote. Nikatoa kopo la rangi nyeusi mkobani na brashi nyembamba, nikapiga magoti mbele ya meza ya kashata. Baba akabeba kiti chake mpaka mlangoni penye mwanga, akakaa, akapandisha suruali kidogo, akanyoosha miguu yake mbele ili nivione viatu vyake vizuri, akaniambia nianze na cha kulia.