Mbao za Tishali la Babu

Nilikuwa bado mtoto, msichana wa darasa la nne, nilipompelekea mjomba shoka.

Kwetu Golbanti, tishali la babu lilikuwa limelala ukingoni mwa mto tangu sijazaliwa. Chombo kipana, tumbo bapa. Enzi zake kilishusha mpunga kwa tanga hadi Kipini, kikapanda tena kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia, na matusi. Malori yalipofika Garsen, likawa banda la kuku. Babu akafa. Lakini kila mwaka kabla ya masika Bibi alilipaka mafuta ya papa na kuziba nyufa kwa pamba, yeye na magoti yake mabovu.

"Mama, unapaka maiti mafuta," mjomba alimcheka.

"Maiti ni wewe unayelala hadi saa nne. Nawaambia tena: mbao zilizobeba watu haziingii motoni. Ukizichoma, mto utakuja kuzitafuta."

Mjomba alikuwa akichoma matofali, kuni zikamwishia. Bibi alipokwenda kanisani, akaniambia, "Lete shoka, nikujengee nyumba kama ya mwalimu."

Nikakimbia. Let's be honest, hakuna aliyenilazimisha. Niliitaka ile nyumba.

Bibi alirudi akakuta moshi. Aliokota kipande kimoja cha tishali, akakikung'uta jivu, akakiweka chini ya kitanda. "Haya. Sasa tuungoje mto."

Masika hayohayo mto ulikuja, mchana kweupe. Mitumbwi ya majirani ilijaa watoto, nami nikiwemo. Mjomba aliogelea. Bibi aliambiwa, "Ngoja hapo juu ya paa, mama, tunarudi."

Waliporudi, paa halikuwepo. Maji yalipopungua tuliyakuta matofali, yamepangwa vizuri kabisa.

Leo nina digrii ya mazingira, thank you very much, na ninashinda stendi ya Garsen na bahasha ya vyeti ambayo hakuna anayeifungua. Chuoni nilifundishwa kwamba mto hautafuti mbao: mvua hunyesha milimani, maji hushuka. Sawa. Nilipata A. Ila Bibi alijua bondeni chombo hupakwa mafuta miaka mingi kwa ajili ya siku moja. Angetuambia hivyo, manze, tungecheka zaidi.

Lile tishali lingetubeba wote. Nimeshalipakia watu kichwani mwangu mara nyingi, mtu mmoja mmoja, na nafasi hubaki. Bibi huwa namkalisha mbele, pale babu aliposimama na upondo wake.