Rangi ya Lori la Aabo

Nikipita karibu na duka la rangi nikanusa thina, moyo hunirudisha Galbet, kwenye ua wetu wa vumbi, ambako lori kuukuu la jeshi lilisimama juu ya mawe. Baba yangu, niliyemwita Aabo, alilinunua mnadani baada ya kustaafu. Ujana wake wote alikuwa dereva jeshini, na nadhani malori ya aina ile aliyajua kuliko alivyonijua mimi.

Mama yangu alikuwa amefariki. Tulibaki sisi wawili na chuma kile. Watoto wa jirani hawakuja kucheza kwetu. Mama zao waliwaambia kwetu ni kwa askari, na mtaani kwetu neno hilo lilikuwa zito. Kwa hiyo nikitoka duksi, chuo cha Kurani, nilikaa peke yangu kivulini mwa lori, nikisikiliza brashi ya waya ikikwaruza mpaka adhana ya alasiri. Aabo alikuwa akisema kutu ni kama fitina: ukiifunika, inakula kwa ndani. Siku nyingine hayo tu ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Injini ilipopona, akapanga kupeleka maji Sangailu, kwao mama, kwa sababu mvua ilikuwa imegoma. Ilibaki rangi. Aabo alitaka kijani, kilekile alichokiendesha miaka yote.

Kisha akaja Ayeeyo, mama yake mama yangu, kutoka huko Sangailu. Nilimpokea njiani nikamshika mkono. Tulipofika langoni akaliona lori, mabaka ya kijani yakiwa bado ubavuni, akasimama. Hakuingia mpaka Aabo alipolifunika kwa turubai.

Wakati wa chai Ayeeyo alimweleza polepole, bila hasira. Zamani, akiwa amembeba mama yangu mgongoni, malori ya rangi ile yalifika kijijini, na watu wakakimbilia vichakani wakaacha hata maziwa motoni. Si wote waliorudi.

"Maji yako hayatapata mnywaji, Yusuf," alisema. "Watakimbia kabla hujazima injini. Lipake rangi ya kitu ambacho mtu hufurahi kukiona kikija."

Aabo aliinamia kikombe chake. Asubuhi alinipeleka sokoni. Muuza rangi, kijana mcheshi, alimshauri apige nyeupe juu ya ile ya zamani, yaishe. Aabo akakataa. Alitaka kwanza praima nyekundu, ile ya kuzuia kutu, halafu nyeupe ya maziwa.

"Lakini ya chini haionekani, mzee."

"Jua la huku hubandua rangi," Aabo alisema. "Ikibanduka, mtu asikute kijani."

Akarudi nyumbani akalikwangua lori lote, kila kona, hata nyuma ya matairi ambako hakuna ambaye angeinama kutazama. Chembe za kijani zilimjaa ndevuni. Mimi nililionea wivu lori. Nilijiambia angenipapasa kichwa mara moja tu kwa subira ile, ningelala nimeshiba.

Tulipofika Sangailu, watu walitoka na madumu yao, wakicheka. Hakuna aliyekimbia, wala aliyeuliza lori lilitoka wapi. Ayeeyo alishuka kiti cha mbele akisalimia kila mtu. Aabo alisimama pembeni ya bomba la tangi la lori, akitazama mikono yake. Nilidhani amechoka, nikaenda kucheza na mbuzi.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Kijani kile kilikuwa fahari yake ya pekee, na alikikwangua kwa mikono yake mwenyewe bila kumlaumu yeyote. Hakuwa na wa kumwambia: wenzake wa kambini wasingeelewa, na majirani wasingependa kusikia. Alikuwa na mimi tu. Nami nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, nikiamini kwamba katika ua ule, mpweke ni mimi peke yangu.