Gobore la Marehemu na Kigoda cha Petro

Margareta haamini kitu. Ukimuuzia nyanya atazigeuza moja moja, ukimrudishia sufuria ataichungulia kitako, na mtungi wa gesi hauwashwi mpaka aipake koki povu la sabuni aone kama inavuja. Mimi Jesca nimepanga naye uani hapa Mbagala miaka mingi, na nilishamwambia kwamba hata malaika akishuka atamdai kitambulisho. Hakucheka. Aliniuliza, "Kwani vibaya?"

Mumewe, Kasimiri, ni mchonga vinyago, mtu wa Nachingwea, mpole hadi anaudhi. Baba yake alipofariki, wakubwa wa ukoo walikaa siku ya arobaini wakampa yeye jina la marehemu pamoja na gobore lake. Kwao mambo hayo yana utaratibu: tangu mazishi hadi siku hiyo, silaha ya marehemu haishikwi na mtu. Anayeishika kabla anahesabika amemnyang'anya mrithi, na doa hilo halimtoki. Siku yenyewe Kasimiri alikuwa hoi kitandani kwa malaria, kwa hiyo mdogo wake Petro, anayeishi kijijini, ndiye aliyekuja nalo limeviringishwa mkekani.

"Tupu hili," Petro alisema. "Mzee alilitoa baruti alipoanza kuumwa, niliona kwa macho yangu. Na tangu azikwe halijaguswa."

Polisi walikuwa wametangaza muda wa kusalimisha silaha za kienyeji bila kushtakiwa, na Kasimiri alishatoa taarifa kituoni kwamba atalipeleka. Tatizo lilikuwa kitako chake cha mti. Kilikuwa kimepasuka, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. "Silaha ya baba haiendi serikalini imevaa matambara," alisema, akachukua gogo la mpingo akachonga kitako kipya. Nilimwona anakipiga msasa huku machozi yanamlengalenga, nami roho iliniuma.

Kilichobaki ni kuunganisha. Wachongaji hufanya hivyo kama mpini wa panga unavyotiwa: mkia wa chuma hupashwa kwenye mkaa hadi uwe mwekundu, kisha husukumwa kwenye mti ukaunguza njia yake wenyewe. Mkia wa gobore uko nyuma ya mtutu, na hapo hapo ndipo baruti inapokaa likiwa limeshindiliwa. Likiwa tupu, hakuna neno.

Asubuhi hiyo Margareta alikuwa anakaanga maandazi, mimi nachambua mchicha, na Petro amekaa kwenye kigoda karibu na kaka yake, wanapiga soga. Kasimiri alipoanza kupepea mkaa, Petro aliinuka, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa nyuma ya ukuta wa choo.

"Shemeji, mbona umehama?" Margareta akauliza.

"Jua, shemeji."

Margareta alitazama pale Petro alipotoka. Palikuwa na kivuli cha mpapai. Akatazama kule alikokwenda, jua linawaka. Akaepua karai la mafuta.

"Baba Jenipher," akamwambia mumewe, "weka chini hilo dude. Mdomo uelekeze kwenye lundo la mchanga."

"Tupu hilo, mama. Petro kasema. Na wala halina fataki."

"Fataki kazi yake kuwasha. Huo mkaa wako utashindwa kuwasha?"

"Yaani unamshuku hata marehemu baba yangu?"

"Namshuku kila mtu. Nipe ile fimbo ya kushindilia."

Kasimiri alikasirika, sijawahi kumwona vile. Lakini alimpa. Margareta alisimama ubavuni mwa mtutu, si mbele yake, akaingiza fimbo hadi ikagota. Akaibana kwa vidole usawa wa mdomo, akaichomoa, akailaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha yake ilipaswa kufika kwenye tundu la fataki, mwisho kabisa. Ilipungua shibiri nzima.

Ndani mlikuwa na kitu. Nilisogeza ungo wangu wa mchicha bila kujua kwamba nausogeza.

Mkaa wa Kasimiri ulimwagiwa maji. Mtutu nao ulitiwa maji kwa mdomoni na kwenye tundu la fataki, ukaachwa ndani ya ndoo, mdomo juu, hadi alasiri, baruti ilowe. Kisha Kasimiri, amekaa upande, alivuta kilichomo kwa skrubu iliyo kwenye ncha ya fimbo. Zikatoka goroli, likatoka tope jeusi linalonuka mayai viza, na kitambaa kilichokuwa kimeshindiliwa.

Margareta alikisuuza, akakitandaza kiganjani. Maua ya kijani.

"Kanga hii nimeinunua mie, Rangi Tatu, nikaenda kuigawa msibani. Sare ya mazishi," alisema. "Mzee alishakuwa kwenye sanduku. Nani kashindilia?"

Petro ndiye aliyejibu. "Nguruwe waliingia kwenye mihogo. Nikafyatua mara moja, nikashindilia tena, hawakurudi. Ningesema, wazee wangesema nimemnyang'anya kaka urithi."

"Ungeniambia mie," Kasimiri alisema. "Hapa uani. Ningekufanya nini, Petro?"

Margareta hakuwa na habari na nguruwe. "Hayo nimekuelewa, shemeji. Kigoda ulihamisha kwa nini?"

Petro alifunika uso. "Nilidhani labda baruti imeshakufa. Kwa unyevu."

"Labda," Margareta alisema, akarudisha karai jikoni.

Kitako kipya Kasimiri alikifunga kwa skrubu, akaenda kulisalimisha gobore peke yake. Walipatana, ni ndugu. Petro akija mjini bado anafikia hapa, na Margareta humpokea vizuri, humpa chai na maandazi. Kigoda chake tu ndicho humwekea mwenyewe, pale pale mafuta yanaporuka.

"Kaa hapa shemeji, karibu na moto, nikuone."

Petro hukaa. Jasho humtoka, wala hahami.