Kamba ya Machela

Mdogo wangu ni fundi wa mawe. Asubuhi ile alikuwa akijenga ukuta wa nyumba iliyo ukingoni mwa jabali, huku kwetu Timbwani, akateleza na kuangukia miamba ya chini. Nilipomfikia alikuwa hai, lakini miguu haisikii, na maji yanajaa. Mashua hazikuweza kukaribia kwa mawimbi. Njia tuliyoshukia mimi na majirani ni ya kushika mizizi, mtu mmoja mmoja. Machela haipiti hapo hata kwa dua.

Helikopta ikaja. Mwokoaji akateremshwa kwa waya, akamfunga mdogo wangu kwenye machela kifua, kiuno na miguu. Kisha akafunga kamba ndefu upande wa miguuni, ncha akanipa mimi. Akanipigia kelele sikioni: "Ikaze kiasi! Ukiiachia, upepo wa mapanga ya helikopta utaizungusha machela kama feni. Na usimpe mtu!"

Nikamjibu nimesikia. Na nilisikia, wallahi. Akajining'iniza kando ya mgonjwa, wakaanza kuvutwa juu pamoja.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Sisi watu wa huku, mtu akishalazwa na kuinuliwa, mabega yanatuwasha. Jeneza likipita, hata kama marehemu humjui, unakimbilia kulibeba hatua chache upate thawabu. Ukiguswa bega na aliye nyuma yako, unampisha bila kuuliza. Kung'ang'ania si adabu. Mimi nimefanya hivyo tangu nibaleghe.

Machela ilikuwa imefika urefu wa mnazi, mara jirani yetu mmoja, mtu wa umri wa baba yangu, akanigusa bega. "Nipishe nami, mwanangu."

Mkono ukafunguka wenyewe. Yeye akanyoosha wake, akashika hewa.

Machela ikazunguka mara moja, polepole. Mara ya pili kwa kasi. Kisha sikujua tena kichwa ni kipi na miguu ni ipi. Kamba ilikuwa ikichapa huku na huku juu yetu, haifikiki. Nilimtukana yule mzee, Mungu anisamehe, matusi nisiyoweza kuyaandika. Yarabi, mtu amefungwa chali! Akitapika ataugeuzia wapi uso? Hilo tu ndilo nililoliwaza, nikaliwaza tena na tena, nimesimama maji yakinifika magotini.

Rubani akaisogeza helikopta mbele, taratibu, kuelekea bahari kuu. Mwendo ule ukaituliza machela, wakamwingiza ndani.

Siku ya tatu, hospitalini, aliweza kuzungumza. Miguu ilikuwa bado haijamrudia, na daktari hataki kutuahidi kitu.

"Kaka," akaniambia, "kamba ile ilikatika, eeh?"

"Nani kakwambia?"

"Hapana mtu. Nilijisemea mwenyewe kule juu. Nilisikia ukikabidhiwa wewe. Nikasema kaka yangu haachii, basi imekatika."

Ningeweza kunyamaza. Mke wake alikuwa pale pale akimpepea, na uongo ule angeupokea hata yeye kwa shukrani. Lakini roho ilinisuta mno.

"Haikukatika," nikasema. "Niliguswa bega, nikampisha mtu."

Alipojibu, sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo.

"Kumbe ulinibeba maiti, kaka," akasema, "nami ningali hai."