Mjomba Ndani ya Picha ya Mto

Mama alipolazwa hospitalini Thika, ndugu yake mdogo aliikata miti yote iliyokuwa kando ya mto kule Theta. Shamba lilikuwa lao wote wawili, lakini mikuyu ile mama ndiye aliyeilinda tangu utotoni mwake. Aliporudi, angali na bandeji tumboni, alishuka hadi ukingoni, akaketi juu ya kisiki na kuyatazama maji yaliyogeuka matope. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na siku hiyo nilianza kumchukia mjomba.

Miaka ikapita. Nikaajiriwa kiwandani Thika, na Jumapili nikawa nachora picha za kuuza. Mjomba naye akawa mzee wa kanisa huko Ruiru. Walipomaliza kujenga ukumbi wao, alinipigia simu.

"Tuchoree mto wetu, na ile miti ya zamani. Ukubwa wa ukuta."

"Sawa, anko," nikamjibu. Nikakata simu nikicheka peke yangu.

Nilichora miezi mitatu katika chumba changu cha kupanga Kamenu. Nilimpa miti yake: majani mazito, mizizi iliyozama mtoni, kivuli cheusi juu ya maji. Kisha katikati nikamchora yeye, na kofia yake ya ngozi, ameinama na msumeno wa mashine, mkuyu mmoja tayari umelala mtoni. Uso wake niliurudia mara nne, asije akadai ni mtu mwingine.

Siku ya kufungua ukumbi, pasta alivuta shuka iliyofunika picha. Watu walipiga makofi, kisha makofi yakafifia. Mama mmoja wa kiti cha mbele akasema, "Haiya! Si huyu ni mzee wetu?"

Mjomba alinijia, midomo imemkauka. "Nani amekutuma?"

"Mama alikuwa wodini, anko. Ulijua."

Nilisema kwa sauti, wote wasikie.

Picha iliteremshwa kabla ya chai, nami nikaondoka nayo. Mama alipopata habari alinigombeza kwamba nimeianika familia. Kisha akaniomba nimwonyeshe. Aliitazama muda mrefu, akigusa mti mmoja mmoja kwa kidole. Mtu mwenye msumeno hakumgusa.

Mwezi uliofuata mjomba alikuja Kamenu, peke yake, akasimama mlangoni.

"Nifute tu," akasema. "Miti iache."

Nilimwacha asimame hapo hadi alipochoka, akaenda zake. Picha sasa iko sebuleni kwa mama. Sijamfuta, na sijutii.