Ng'ombe wa Baba na Mama wa Kwenye Simu

Mimi nina hasira za karibu, wala sifichi. Siku ile nilipoambiwa mbele ya akina mama wa kikundi kizima kwamba video zangu zina utapeli, nusura nichukue simu yangu niondoke bila kuaga.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Iyula baada ya duka nililokuwa nauzia Tunduma kufungwa. Akina mama wanaolima kahawa wakaniomba niwatengenezee video fupi za mtandaoni za kuelekeza watu namna ya kukatia mibuni, kuchuma kahawa zilizoiva tu na kuanika. Hakuna aliyetaka sura yake ionekane. "Sisi tunaona aibu, tutengenezee mtu," wakasema. Nikawatengenezea mtu kwa akili mnemba, mama wa makamo mwenye kilemba, anaongea taratibu akiwa shambani. Video ya kwanza walipiga vigelegele. Ya pili, yule mama alikuwa amekonda. Ya tatu alikuja na pua nyingine kabisa, tena amekuwa binti.

Mwenyekiti wao alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe Tunduma umekaa. Mtu leo ana sura hii, kesho ile, huyo ni nani?"

"Tapeli!" wakaitikia wote kama wako kanisani.

Wakanipa mpaka mkutano unaofuata. Yule mama asipotulia, wangetafuta mtu mwingine, na mimi ningerudi mpakani kusimama kutwa kwenye duka la watu. Jamani, sikutaka. Nilikuwa nimechoka na vumbi la malori, nilitaka kukaa kwetu.

Baba yangu si mtu wa maneno. Tangu nirudi alikuwa ameniuliza mambo mawili tu, kama nimekula na kama nimefunga mlango wa jiko. Toka utotoni niliamini kwamba haniangalii. Sikuwa na uchungu nalo, nilishalizoea tu, kama tulivyozoea baridi ya kwetu.

Wiki hiyohiyo ng'ombe wake akapotea. Miguu inamsumbua, kwa hiyo akaniambia nimsindikize kuulizia. Kila mji wa jirani tuliofika, baada ya salamu alisema hivi: "Ng'ombe jike, mweusi. Baka jeupe bega la kulia. Sikio la kushoto lina mkato. Pembe ya kulia imeinama. Mkia umekatika ncha." Mji wa pili, hayohayo. Wa tatu, hayohayo, wala hakupunguza neno. Wa nne uvumilivu ukaniisha.

"Baba, si uwaambie tu ni ng'ombe mzuri, mweusi, mnene!"

Akasimama njiani. "Mzuri? Mzuri si alama. Kila mtu ng'ombe wake ni mzuri."

"Sasa mbona unarudia yaleyale kama umekariri?"

"Nimekariri ndiyo. Nikibadilisha maneno, huyu atatafuta ng'ombe mmoja na yule atatafuta mwingine."

Loh! Niliganda. Mimi kila nikitengeneza video nilikuwa naandika maelezo upya. Leo "mama mzuri mchangamfu," kesho "mama mwenye tabasamu la kupendeza." Kila siku nilikuwa naitafutisha ile programu ng'ombe mwingine, halafu naitukana. Nilicheka peke yangu mpaka baba akaniuliza kama jua limenipiga.

Ng'ombe alipatikana kesho yake, upande wa Nanyala. Aliyemshika hatukuwahi hata kuonana naye. Maneno ya baba yalikuwa yamepita mdomo kwa mdomo hadi kwake, na alipoona lile sikio akajua.

Basi nikaketi na baba uani na daftari, nikamwambia, "Nisaidie alama za yule mama wa kwenye simu." Nilidhani atanifukuza. Akafikiri.

"Kovu analo?"

"Hana."

"Mpe. Juu ya jicho la kushoto, dogo. Jino la mbele limemeguka kidogo. Kilemba rangi gani?"

"Bluu."

"Fundo lake liko upande gani?"

"Sijui, baba."

"Hee! Sasa mtu utamtafutaje hujui hata fundo lake?"

Tukaandika mistari saba. Kuanzia hapo kila video niliianza na mistari ileile kwa mpangilio uleule, na picha moja ya yule mama niliipa programu kila mara iifuatishe. Kovu likihamia jicho la kulia, nafuta, narudia. Bando liliniishia mara nyingi, lakini mama akatulia.

Kwenye mkutano wakatazama video tatu mfululizo. Mwenyekiti akaomba ya mwisho irudiwe, akasogeza miwani. "Huyu ndiye," akasema. Mama mmoja akaapa kwamba anamfahamu, ni wa Itaka, wanasali naye. Tulicheka mpaka machozi. Kazi ikabaki yangu.

Nilirudi nyumbani na sukari, nikamwandalia baba chai, nikamshukuru. Kisha nikamtania, "Umepoteza ng'ombe wangapi mpaka ukawa fundi hivi?"

"Huyu ni wa kwanza."

"Sasa ulijifunzia wapi?"

Akageukia mibuni. Kisha akaanza kwa sauti ileile ya kuulizia ng'ombe. "Mtoto wa kike, miaka minne. Gauni la kijani, kifungo cha chini hakipo. Kovu la moto kiganja cha kushoto, mfano wa harage. Nywele zimesukwa upande mmoja, upande wa pili alikataa. Akiitwa haitiki, ananuna kwanza."

Nilijua kwamba utotoni niliwahi kupotea Tunduma. Shangazi alikuwa akinisimulia kama kichekesho. Hakuwahi kuniambia yale aliyonieleza baba hapo, kwamba alipita sokoni meza kwa meza toka asubuhi hadi alasiri, kwamba alimwomba mchuuzi mmoja amfundishe maneno yale kwa Kibemba, akavuka ng'ambo ya mpaka na kuyasema kule pia, kwa mpangilio uleule.

"Mama mmoja muuza dagaa akaniambia kuna mtoto amemwita mara tatu, anamnunia tu," baba akasema. "Nikajua ni wewe."

Nikafungua kiganja changu cha kushoto. Harage lipo. Miaka yote ile nilisema haniangalii, kumbe alikuwa ananibeba kichwani hadi kifungo kisichokuwepo. Nikajikaza kwa utani kama kawaida yangu.

"Kwa hiyo hukuwaambia kwamba mwanao ni mzuri?"

"Nilishakwambia, mzuri si alama." Akanywa chai, akaweka kikombe chini. "Ingekuwa alama, mama, ningeanza na hiyo."

Nililia palepale, naye akanisogezea kikombe chake.